Je, Wajua? Taya la Mtoto Lililoifundisha Dunia Saratani

Sogea, ndugu, benchi linatutosha sote. Mtumbwi wa Lualaba hauondoki sasa hivi, basi tega sikio: leo ni saratani, kinga ya mwili na jeni. Usidhani ni habari za Ulaya. Mengi ya haya yalianzia kwa watoto wa Uganda na Kenya, majirani zetu, na dunia nzima ikayajengea elimu yake. Haya, tuanze!

TAYA LILILOVIMBA

Je, wajua kwamba kuna saratani inayoweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili? Ni limfoma ya Burkitt, na hupenda zaidi taya la mtoto mdogo. Wiki hii jino limelegea, wiki ijayo uso mzima umebadilika!

Unajua kwamba daktari aliyeitambulisha kwa dunia alikuwa na jicho moja? Denis Burkitt, Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1911, alipoteza jicho akiwa na miaka 11, watoto wa shule waliporushiana mawe. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza alikataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Jicho lililobaki ndilo lililoona walichokipita wenzake wenye mawili.

Na baba yake je? James Burkitt alikuwa mhandisi, lakini mapenzi yake yalikuwa kwa ndege wadogo: aliwavisha pete miguuni, kisha akachora ramani ya mahali kila mmoja anapokaa. Mwanawe naye akaja kuchora ramani Afrika, ila ya kwake ilikuwa ramani ya uvimbe.

Je, wajua kwamba yote yalianza kwa watoto wawili tu? Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya la juu na la chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitupa jicho dirishani akaona mtoto mwingine amekaa nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka mbio na kamera yake!

Sikia hili: ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Daktari Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, na alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Watafiti walipofunua madaftari yale miaka zaidi ya 60 baadaye, taya zilezile zilikuwa zimo ndani zinawasubiri.

Je, wajua kwamba Kampala ina daftari la kuhesabu wagonjwa wa saratani tangu miaka ya 1950? Ni miongoni mwa madaftari ya kwanza ya aina hiyo Afrika. Wataalamu wawili, Gregory O'Conor na Jack Davies, walipolipekua wakakuta kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto Uganda ni uvimbe huu mmoja. Nusu!

Wajua Burkitt aliutafutaje uvimbe huo nje ya Uganda? Alichapa vipeperushi vyenye picha, kiasi cha 1,000, akavituma kwa posta kwenye hospitali za Afrika nzima: je, kwenu yapo haya? Kila jibu la "ndiyo" likapigiwa alama kwenye ramani iliyotundikwa ukutani ofisini kwake.

Posta haikumtosha. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Wiki 10, kilomita 16,000, hospitali zaidi ya 50, mpaka Afrika Kusini! Na gari likigoma, Williams mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi.

Unajua safari ile iligundua nini? Kwamba uvimbe huu hupenda joto na mvua, na karibu na ikweta hauonekani sana ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi juu ya bahari. Sasa jipime mwenyewe: maji ya Luvua huanza safari Ziwa Mweru, kwenye mita 917, yanashuka mpaka hapa Ankoro yanapoingia Lualaba. Sisi tumo ndani ya ramani ya Burkitt, ndugu yangu!

VIRUSI KWENYE CHUPA

Je, wajua kwamba virusi vinaweza kuleta saratani? Peyton Rous alionyesha jambo hilo kwa kuku mwaka 1911, wengi wakapuuza. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akiwa na miaka 87. Alingoja miaka 55!

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikaa kijana mmoja aliyekuwa akichunguza virusi vile vya kuku, jina lake Anthony Epstein. Kabla mhadhara haujaisha alikuwa ameshaamua: atavitafuta virusi ndani ya uvimbe wa watoto wa Afrika.

Je, wajua kwamba vipande vya uvimbe vilisafiri kwa ndege ya abiria? Vilikatwa Kampala, vikapakiwa ndege ya usiku, asubuhi viko London. Zaidi ya miaka miwili Epstein alivichungulia, na hakuona kitu.

Kisha ukungu ukafanya kazi! Tarehe 5 Desemba 1963 ndege ilishindwa kutua London, ikapelekwa Manchester, na kichupa kikafika kwa kuchelewa, maji yake yamekuwa machafu kama ya kitu kilichooza. Mtu mwingine angekimwaga. Epstein alichukua tone moja, akaliweka chini ya darubini, na kumbe machafuko yale ni seli hai za saratani zinaelea na kustawi!

Seli zile zikakuzwa, na tarehe 24 Februari 1964 zikawekwa kwenye darubini ya elektroni. Mara moja, ndani ya seli moja: virusi. Epstein aliogopa mashine isije ikaviunguza, akaizima, akatoka nje kwenye theluji, akazunguka mtaa ili moyo utulie. Wewe ungefanyaje?

Je, wajua kwamba jina la virusi hivyo lina watu wawili, lakini kazi ilikuwa ya watatu? Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, kwa Epstein na Yvonne Barr, binti wa Ireland. Wa tatu ni Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, aliyekuwa fundi wa darubini ile. Taarifa yao ilitoka tarehe 28 Machi 1964, na kwa mara ya kwanza virusi vya binadamu vikahusishwa na saratani ya binadamu.

Sasa shika benchi vizuri: zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo virusi hivyo. Mimi huenda ninavyo, wewe huenda unavyo. Hupita kwa mate, hujificha katika chembe nyeupe za damu maisha yote, na kwa walio wengi havifanyi lolote la kuonekana.

Lakini kwa wachache hufanya makubwa. Kila mwaka saratani zaidi ya 200,000 duniani huhusishwa navyo: za tezi, za tumbo, za nyuma ya pua. Na mpaka leo chanjo iliyoidhinishwa dhidi yake haipo!

Je, wajua kwamba virusi hivyo vilisomwa herufi kwa herufi mwaka 1984? Wanasayansi wa Cambridge walihesabu herufi 172,282 za jeni zake. Kwa wakati ule ilikuwa kazi kubwa ajabu, maana mashine za leo hazikuwapo.

Na wajua jambo la West Nile, kaskazini mwa Uganda, jirani kabisa na Kongo? Kuanzia mwaka 1972 watafiti wakiongozwa na Mfaransa Guy de-Thé walichukua damu ya watoto 42,000, wakaihifadhi, wakangoja. Watoto wachache walipougua baadaye, damu yao ya zamani ilionyesha alama za virusi zilizopanda kuliko za wenzao, miaka kabla ya uvimbe kutokea!

Nyongeza: mwaka 2022 watafiti wa Marekani walipitia kumbukumbu za wanajeshi milioni 10. Wakakuta kwamba kuambukizwa virusi hivi huongeza mara 32 hatari ya ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi. Virusi vilivyopatikana kwenye taya la mtoto wa Uganda vinawasaidia sasa wagonjwa wa Ulaya kujua asili ya maradhi yao.

Epstein mwenyewe? Alifariki Februari 2024, akiwa na miaka 102. Aliishi kuiona miaka karibu 60 ya ugunduzi wake.

NDEGE YA NAIROBI KWENDA STOCKHOLM

Je, wajua kwamba kuna mume na mke waliofanya kazi ya maisha kutokana na uvimbe wa Afrika? George na Eva Klein, Wayahudi wa Hungaria walionusurika mauaji ya Vita vya Pili vya Dunia, walihamia Uswidi mwaka 1947. Miaka ya 1960 daktari Peter Clifford wa Nairobi akaanza kuwatumia vipande vya uvimbe kwa ndege, na maabara yao Stockholm ikawaka moto wa kazi.

Unajua kuna seli zinazoitwa Daudi? Zilitoka kwa kijana wa Kenya mwenye limfoma ya Burkitt, zikakuzwa na akina Klein mwaka 1967. Zingali zinaishi na kugawanyika leo, katika maabara za mabara yote!

Na si Daudi peke yake. Raji zilitoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, Namalwa kwa mtoto mwingine wa Afrika. Namalwa zilikuzwa katika matangi ya maelfu ya lita kutengeneza intaferoni, dawa inayoamsha kinga ya mwili. Tuwakumbuke watoto hao kwa heshima, kwa sababu wagonjwa wasiohesabika wametibiwa kwa elimu iliyotoka miilini mwao.

Je, wajua kasoro ya Daudi ndiyo thamani yake? Seli karibu zote za mwili hubeba juu yake kitambulisho ambacho askari wa kinga hukisoma. Daudi hazina! Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua askari hufanya nini wakikutana na asiye na kitambulisho, huagiza Daudi.

Na askari wa namna hiyo wapo. Mwaka 1975, katika maabara ya akina Klein, Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell walieleza seli zinazoua seli za saratani bila kufundishwa kwanza. Wakaziita seli wauaji wa asili. Hivi unavyonisikiliza, zinazunguka katika damu yako zinapiga doria!

Je, wajua kwamba karibu kila seli yako ina kromosomu 46, na kwamba kosa la mbili tu laweza kuleta Burkitt? Mwaka 1972 Georgi Manolov na mkewe Yanka Manolova, Wabulgaria waliokuwa Uswidi, waliona kromosomu namba 14 ya uvimbe huu ina kipande cha ziada. Kimetoka wapi?

Jibu lilikuja mwaka 1976. Lore Zech na wenzake walikuta kwamba kipande hicho kimekatika kutoka kromosomu namba 8. Na mwaka 1982 ikajulikana kimebeba nini: jeni iitwayo MYC, ile inayoiamuru seli igawanyike. Imehamia mahali ambapo chembe nyeupe hazizimi kazi usiku wala mchana, na amri yake haina tena mwisho!

Waona uzito wa jambo hilo? Ilikuwa mara ya kwanza watu kuona waziwazi jinsi jeni inavyogeuka ya saratani kwa kuhama tu, bila virusi kuileta. Leo MYC huonekana imezidi nguvu katika saratani za aina nyingi sana duniani.

MBU ANAINGIAJE?

Je, wajua kwamba mbu ana mkono katika saratani hii? Virusi vya Epstein-Barr viko dunia nzima, lakini Burkitt ya watoto hujaa pale palipojaa malaria. Na Kongo yetu peke yake hubeba zaidi ya mgonjwa 1 wa malaria kati ya 10 wote duniani.

Zanzibar ni shahidi. Malaria ilipobanwa kule, madaktari waliona uvimbe wa Burkitt ni nadra, ingawa joto na mvua ni vilevile vya pwani. Burkitt mwenyewe aliitaja Zanzibar alipoanza kuitazama malaria kama mshirika wa ugonjwa.

Wajua malaria hufanyaje? Huzilazimisha chembe nyeupe kutengeneza kingamwili bila kupumzika. Katika kazi hiyo chembe hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho hukata jeni ili kunoa kingamwili. Kikikata pasipofaa, kromosomu 8 na 14 hubadilishana vipande!

Na aliyekigundua AID ni nani? Ni maabara ya Tasuku Honjo, Kyoto, Japani, mwaka 1999. Mtu huyohuyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa jambo jingine kabisa, la kuponya saratani, nalo nitakueleza baadaye. Ngoja kidogo!

Mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapa panya malaria ya muda mrefu. Panya wenye udhaifu fulani wa jeni wakapata saratani za chembe nyeupe, na ndani yake kromosomu zimehamishana vipande, kwa sababu ya AID. Miaka zaidi ya 50 baada ya gari la Ford, ramani ya Burkitt ikapata maelezo yake maabarani.

Je, wajua kwamba Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, watoto wengi hupata virusi vya Epstein-Barr kabla hawajatimiza mwaka mmoja? Wenzao wa Nandi, milimani ambako malaria ni kidogo, huchelewa kuvipata. Ziwa na mlima, mwendo wa saa chache, na miili miwili tofauti!

Kwa hiyo ukimlaza mtoto ndani ya chandarua leo usiku, unamkinga na homa, na unapunguza pia kazi ya AID katika damu yake. Nani angedhani kitambaa kile kina kazi mbili?

HERUFI BILIONI 3, TEMBO NA FUKO

Je, wajua kwamba maandishi ya jeni zako yana herufi kama bilioni 3? Kuyasoma mara ya kwanza kulichukua miaka 13, kuanzia 1990 mpaka 2003, na dola karibu bilioni 3. Leo mtu mmoja husomwa kwa chini ya dola 1,000!

Lakini hapa kuna la kuumiza. Katika hazina kubwa za jeni zinazotumiwa na watafiti duniani, watu wa Afrika ni chini ya 3 kati ya kila 100. Na ni sisi Waafrika tunaobeba tofauti nyingi za jeni kuliko watu wa mahali pengine popote!

Wapo wanaolirekebisha. Sam Mbulaiteye, Mganda aliyesomea udaktari Makerere, anafanya kazi katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Aliongoza utafiti uitwao EMBLEM, uliokusanya watoto wenye Burkitt na majirani zao wazima katika Uganda, Tanzania na Kenya, ili jeni zao zisomwe pamoja na malaria yao.

Na wajua waliona nini? Mtoto aliyerithi jeni moja ya selimundu, kutoka kwa mzazi mmoja tu, hapati Burkitt kwa urahisi kama wenzake. Jeni inayomkinga na malaria kali humkinga na mshirika wa malaria pia!

Je, wajua kwa nini tembo hapati saratani mara nyingi, na mwili wake una seli nyingi kuliko wako mara nyingi sana? Kuna jeni inayolinda seli zisiharibike, iitwayo TP53. Wewe una jozi moja tu. Tembo ana jozi 20!

Na fuko asiye na manyoya, wa Kenya, Somalia na Ethiopia? Ni mdogo, anatosha kiganjani, lakini huishi zaidi ya miaka 30, na saratani kwake ni nadra mno. Wanasayansi wanamfuga maabarani wakimwuliza siri yake.

ASKARI WA MWILI

Je, wajua kwamba chanjo ya BCG uliyopigwa utotoni kwa ajili ya kifua kikuu ni dawa ya saratani pia? Tangu miaka ya 1970 madaktari huimimina ndani ya kibofu cha mkojo chenye saratani. Askari wa kinga huja kupigana na vijidudu, wakikuta saratani wanaimaliza na yenyewe!

Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1891 William Coley, daktari wa New York, alimchoma mgonjwa wa saratani vijidudu hai vya homa kali. Homa ikapanda, uvimbe ukayeyuka.

Sasa ile habari ya Honjo. Yeye na Mmarekani James Allison waligundua kwamba askari wa kinga wana breki, na saratani hujifunza kuzikanyaga ili wasisogee. Dawa zao hufungua breki. Hiyo ndiyo Nobel ya mwaka 2018!

Unamkumbuka Rais Jimmy Carter wa Marekani? Mwaka 2015, akiwa na miaka 90, alikuwa na saratani ya ngozi iliyofika ubongoni. Akapewa mionzi na dawa ya kufungua breki, na kabla mwaka haujaisha akatangaza kwamba madaktari hawaioni tena. Alifariki mwaka 2024, ametimiza miaka 100.

Je, wajua kwamba askari wanaweza kutolewa mwilini, wakafundishwa, wakarudishwa? Mwaka 2012, Philadelphia, msichana wa miaka 6 mwenye saratani ya damu iliyoshindikana kwa dawa alirudishiwa chembe zake zilizopewa jeni mpya. Miaka zaidi ya 10 baadaye bado hakuwa na saratani!

Na wajua kwamba saratani yenyewe imetumiwa kutengeneza dawa? Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, waliunganisha seli ya saratani isiyokufa na chembe inayotengeneza kingamwili. Ikazaliwa seli inayotoa kingamwili ya aina moja milele, na Nobel ikafuata mwaka 1984.

Kongo nayo haikukaa kando. Kingamwili ya aina moja ilipatikana kutoka damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, ugonjwa ambao Profesa Jean-Jacques Muyembe amepambana nao tangu Yambuku, 1976. Dawa ile ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Kivu Kaskazini, na mwaka 2020 ikaidhinishwa Marekani. Damu ya Mkongomani ikawa dawa ya dunia!

DAWA YA SUMU NA YA MAUA

Je, wajua kwamba dawa kuu ya Burkitt ni mjukuu wa silaha ya vita? Saiklofosfamidi ilitengenezwa kutokana na jamaa wa gesi ya haradali, iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kampala, miaka ya 1960, dozi moja iliweza kuyeyusha taya lililovimba ndani ya siku chache!

Mwenzake ni ua. Vinkristini hutoka katika kichaka kidogo cha maua ya waridi, chenye asili ya Madagaska, kinachopandwa kuwa pambo katika nyua nyingi za Afrika. Huenda umekipita asubuhi hii.

Wajua taasisi ya saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya uvimbe huu? John Ziegler, Mmarekani kijana, ndiye aliyeianzisha kazi hiyo pale Mulago. Wageni walipoondoka wakati wa Idi Amin, Charles Olweny, Mganda, aliishika na wagonjwa wakaendelea kutibiwa.

Mwaka 1972 Tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa za tiba duniani, ilikwenda kwa watu kadhaa, wakiwamo Burkitt, Ziegler na pia Victor Anomah Ngu, daktari wa Kameruni. Waafrika na wageni, uvimbe mmoja, heshima moja!

Je, wajua kwamba saratani nyingine ya virusi inakingwa kwa sindano? Mjerumani Harald zur Hausen, aliyeanza kwa kutafuta virusi vya Epstein-Barr ndani ya Burkitt, alikuja kugundua virusi vya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983, akapata Nobel mwaka 2008. Rwanda, jirani yetu, ikawa nchi ya kwanza Afrika kuwachanja wasichana wake nchi nzima, mwaka 2011.

LA MWISHO, NA NDILO KUBWA

Je, wajua kwamba Burkitt, saratani ya kasi kuliko nyingine, ni miongoni mwa zile zinazopona vizuri zaidi? Mbio zake ndizo udhaifu wake, kwa sababu dawa hushika seli zinapogawanyika. Katika nchi tajiri, watoto karibu 9 kati ya 10 hupona. Kwetu wanapona wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa na dawa kukatika njiani.

Basi mama, baba, mwalimu, usiku huu mwambie na jirani. Mtoto ambaye meno yanalegea bila sababu, taya linavimba, jicho linatokeza au tumbo linakua haraka, asing'olewe jino wala asichanjwe chale kwanza: apelekwe hospitali kuu ya zoni ya afya siku hiyohiyo. Na matibabu yakianza yamalizwe, hata uvimbe ukishatoweka machoni.

Watoto wa miaka ya 1960 waliipa dunia elimu ya virusi, jeni na dawa. Mtoto wa Ankoro anastahili kupata faida ya elimu hiyo leo, mapema, wakati jino moja tu ndilo limelegea.